Semi au fulu sintetiki? Mi nauliza kwanza unapita njia gani

Hakuna swali ninaloulizwa na watu wenye magari hapa Tabora kama hili la "dada, we unaweka semi au fulu?", yaani oili ya injini, semi sintetiki au fulu sintetiki, na wengi wanaouliza wanataka jibu la neno moja ili waende dukani wakanunue, sasa mi jibu la neno moja sina, maana hapo hapo na mimi nitauliza ni gari gani, injini imetembea kiasi gani, njia yako ni lami au mchanga, na hilo dumu unalinunua kwa nani. Watu wananuna. Ila ukiniuliza kwenye Probox yangu naweka nini nakwambia wazi, naweka semi, tena sio kwa kukosa hela, na shemeji yangu mwenye Subaru ya turbo nilishamwambia siku akiweka semi asinipigie simu gari likimfia njiani. Majibu mawili kutoka kwa mtu mmoja na yote nayasimamia, ngoja nieleze.

Kazi yangu ni asali. Nafata Sikonge na vijiji vyake, wakati mwingine mpaka Kitunda huko, narudi mjini siti za nyuma zimelazwa na ndoo zimepangwa mpaka kioo cha nyuma hakionyeshi kitu. Lami saizi ipo sehemu kubwa sikatai, ila asali haikai kwenye lami. Ukishaacha barabara kuu ni mchanga, na kuanzia mwezi wa sita mpaka mvua za Novemba zishuke ni vumbi laini linaloingia mpaka kwenye droo ya dashibodi ambayo hata hujaifungua. Hilo vumbi ndo linaamua mambo mengi kwenye hii habari.

Kwanza haya majina tuyaweke sawa, maana hapo ndo watu wanapigwa. Oili yoyote ya injini ndani yake kuna vitu viwili, kuna oili yenyewe na kuna dawa. Dawa ni za kusafisha masizi, za kushika uchafu uelee usigande kwenye pembe za injini, za kuzuia povu, kuna zinki na fosforasi za kuzuia vyuma visilane. Dawa zipo kwenye oili ya kawaida, zipo kwenye semi na zipo kwenye fulu. Kinachotofautisha majina ni ile oili yenyewe, na hiyo API, chama cha kampuni za mafuta cha Marekani, imeigawa makundi 5: la 1 na la 2 ni mafuta ghafi yaliyosafishwa, la 2 likisafishwa zaidi, la 3 nalo linatoka kwenye mafuta ghafi ila limepigwa haidrojeni kwenye joto na presha kubwa mpaka molekuli zimevunjwa zikapangwa upya, la 4 ndo ile inayoitwa PAO inayojengwa kiwandani kuanzia gesi ya ethilini, na la 5 ni kila kilichobaki, esta zikiwemo.

Sasa sikia hii. Zamani ukisema sintetiki watu walielewa kundi la 4 na hizo esta. Mwishoni mwa miaka ya 90 kule Marekani kampuni ya Castrol wakaanza kutumia kundi la 3 na kwenye dumu wameandika sintetiki vile vile, Mobil wakalalamika kwamba hiyo sio sintetiki ni mafuta ghafi yaliyosafishwa sana, kesi ikaenda kwenye chombo chao cha kuamua ugomvi wa matangazo, na mwaka 1999 Castrol wakashinda. Kuanzia hapo kundi la 3 likaruhusiwa kuvaa hilo jina, na ndo maana fulu nyingi unazoziona madukani leo ni kundi la 3. Wajerumani ndo waligoma, kwao ukitaka kuandika fulu kabisa iwe kundi la 4 au la 5.

Na semi? Semi ni mchanganyiko, oili ya kawaida na sintetiki, ila hakuna sheria ya dunia nzima inayosema sintetiki iwe asilimia ngapi. Kampuni moja inaweza kutia nyingi, nyingine ikatia kidogo tu ili jina lipite, na kwenye dumu hawakuandikii. Kwa hiyo kuna semi iliyojaa kundi la 3 ambayo inakaribiana sana na fulu ya bei rahisi, na kuna semi ambayo ni oili ya kawaida imevalishwa suti. Ukisimama dukani ukabishana jina na jina unabishana na karatasi ya mbele ya dumu.

Geuza dumu. Nyuma kwa maandishi madogo kuna herufi za API, kwa gari za petroli zinaanza na S. SN imetoka 2010, SP imetoka 2020, na kadiri herufi ya pili inavyosogea mbele ndo mtihani wake unavyokuwa mgumu, SP kwa mfano imepimwa pia kwa kuchakaa kwa cheni ya taimingi, kitu ambacho mwenye injini ya cheni kama 1NZ ya Probox anatakiwa akijali. Inarudi nyuma pia, yaani gari lililoandikiwa SL au SM unaweza kuliwekea SP bila shida. Kinachonikera mimi ni madumu ya bei chee yenye SF au SG, hizo ni herufi za magari ya kabla ya mwaka 1989 na 1994, Probox yenyewe imeanza kutengenezwa 2002, sasa unaniwekea oili ya enzi za Ruksa kwenye injini ya VVT-i, ile ya Toyota inayobadilisha muda wa valvu kufunguka, ili iweje? Semi yenye SN au SP naichukua kabla ya kitu chochote kinachojiita fulu alafu nyuma hakina herufi hata moja.

Haya, namba. Hizi 5W-30, 10W-40, 20W-50 ndo zinaleta ule uongo mkubwa kwamba "sintetiki ni nyepesi kama maji". Mi kwa kuwa nauza asali naelewa hii kitu vizuri, asubuhi ya mwezi wa saba Tabora kuna kabaridi kale, ukiinamisha ndoo asali inagoma kutoka, saa nane mchana ndoo ile ile inatiririka mpaka unahangaika na mfuniko, oili nayo iko hivo hivo, baridi inakuwa nzito na moto inakuwa nyepesi, na zile namba mbili zinakwambia inafanyaje pande zote mbili. Namba yenye W ni ya baridi. 5W inapimwa kama injini itazungushika kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri, 10W kwenye 25 chini ya sifuri, 15W kwenye 20 chini ya sifuri. Namba ya pili ni uzito wake kwenye nyuzi 100, joto la injini ikiwa kazini.

Nyuzi 30 chini ya sifuri. Sisi hapa asubuhi ikishuka 15 watu wanavaa makoti mawili. Kwa hiyo lile tangazo la fulu kwamba inalinda injini kwenye baridi kali, ni kweli kabisa, ila wa kulifurahia ni mtu wa Finland, Isevya na Cheyo hapa unalipia kitu ambacho hutakaa ukitumie.

Na uangalie hiyo namba ya pili, haijali kama oili ni semi au fulu. Kiwango cha SAE, chama cha wahandisi wa magari, kinasema ikiandikwa 40 basi kwenye nyuzi 100 lazima iwe kati ya 12.5 na 16.3 kwa kipimo chao, ikiandikwa 30 iwe kati ya 9.3 na 12.5. Kwa hiyo 10W-40 ya semi na 10W-40 ya fulu zikiwa mpya na zikiwa moto zina uzito wa ukoo mmoja. Watu wanasema fulu ni nyepesi kwa sababu fulu nyingi zinazofika hapa ni 5W-30 na 0W-20, wametoka kwenye 20W-50 ya kawaida wakarukia huko, wakashangaa. Umebadilisha namba alafu unalaumu sintetiki.

Sasa tofauti iko wapi? Iko baada ya kutembea. Ili oili isiwe nyepesi sana ikipata moto wanatia plastiki fulani, minyororo mirefu ya polima, ikipata joto inajikunjua na kushikilia uzito. Oili ya kawaida inazitegemea sana hizo, semi inazitegemea kiasi, fulu inahitaji chache kwa sababu yenyewe kwa asili haibadiliki sana joto likipanda. Shida ya polima ni kwamba zinakatwakatwa, kila zikipita kwenye cheni na pampu na kati ya beringi zinachanika, kwa hiyo baada ya maelfu ya kilometa ile 40 inaanza kuelekea 30. Alafu kuna kuungua, oili ikikaa kwenye joto na hewa inaharibika, inakuwa nzito, inatengeneza yale matope meusi unayoyaona ukifungua taped kava, kile kifuniko cha juu ya valvu, la gari la mtu mzembe. Fulu inavumilia hilo kwa muda mrefu zaidi. Na kuna kupotea kwa mvuke, kuna kipimo chao wanaipasha oili nyuzi 250 saa nzima wanaangalia imepungua kiasi gani, kwa SN na SP isizidi asilimia 15, na fulu nzuri huwa inapungua kidogo kuliko hapo, ndo maana mtu akihamia fulu anasema gari limepunguza kula oili.

Kwa hiyo kwa lugha yangu mimi, ukinunua fulu unanunua muda na unanunua kuvumilia joto. Swali la kujiuliza ni kama we utautumia huo muda.

Mwenye turbo anautumia, hapo sina mjadala. Turbo, ile feni inayosukuma hewa ndani ya injini, inazunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika, shafti yake inaelea kwenye oili tu, upande mmoja wa hiyo shafti kuna moshi wa moto unaotoka kwenye injini. Unatoka Tabora unaelekea Kigoma mwezi wa kumi, jua la Kaliua kichwani, umepanda watu watano na mizigo, unafika unazima gari papo hapo, oili iliyobaki mle ndani inapikwa. Semi mle inageuka mkaa mapema. Ndo maana Toyota wenyewe kwa magari yao ya Japani wamesema petroli isiyo na turbo badilisha kila kilometa 15,000 au mwaka, ya turbo kila kilometa 5,000 au miezi 6. Umeona walivyoshuka? Na hapo hapo wana kipengele kingine ambacho watu wa huku hatukisomi kwa sababu kitabu kiko kwa Kijapani, wanasema gari likitumika kwenye mazingira magumu, barabara mbovu ikiwemo, basi gawa kwa mbili, 15,000 inakuwa 7,500, na 5,000 inakuwa 2,500. Kwa Japani barabara mbovu ni kitu cha kwenda kutafuta. Huku ndo barabara.

Na hapo tunarudi kwenye vumbi. Vumbi ni mchanga uliosagika, na mchanga ni mgumu kuliko chuma cha beringi zako. Unaingia kwa njia ya hewa, filta ya hewa inakamata mwingi ila sio wote, unaobaki unafika kwenye silinda, unachanganyika na oili, na filta ya oili haishiki ule mdogo kabisa. Ukishaingia, hakuna fulu wala semi wala oili ya bei ya ng'ombe itakayouondoa. Kinachoutoa ni kumwaga. Sasa kama vumbi ndo linakulazimisha umwage kwenye 5,000, ile fulu uliyoinunua kwa sababu inaweza kufika 10,000 unaimwaga ikiwa bado nzima, umemwaga hela chini. Ndo maana Probox inakula semi 10W-40 yenye SN, namwaga kwenye 5,000, kiangazi nikiwa nashinda porini namwaga hata kabla.

Piga hesabu. Tuseme semi lita 4 ni elfu 60 na fulu lita 4 ni laki na elfu 10, bei inacheza duka hadi duka ila uwiano unakuwa huko huko, karibu mara mbili. Kwa kilometa 10,000 mimi wa vumbini nikitumia semi nanunua mara mbili, laki na ishirini na filta mbili. Nikitumia fulu nikamwaga kwenye 5,000 vile vile ni laki mbili na ishirini na filta mbili. Ila mchukue mtumishi anayekaa Ipuli, gari lake wiki ni ofisini na wikiendi ni lami kwenda Nzega au Dodoma, yeye fulu anaweza kutembea nayo 10,000 kwa amani, ni laki na elfu 10 na filta moja, kumbe kwake yeye fulu ndo rahisi. Nimeshawaambia watu wa aina hiyo wahame semi na wananiona kama nauza oili.

Na we ambaye gari lako ni kilometa mbili kwenda sokoni kilometa mbili kurudi, injini haijapata joto umeshazima, we nawe hesabu mwezi usihesabu kilometa. Petroli mbichi na maji ya mvuke vinaingia kwenye oili na havipati nafasi ya kukauka. Miezi sita, mwaga, iwe semi iwe fulu.

Kabla hujalaumu oili angalia filta ya hewa. Mi huwa nafungua boksi lake, natoa filta, alafu napitisha kidole ndani ya ule mpira unaokwenda kwenye injini, upande wa baada ya filta. Kidole kikitoka kisafi tuko pamoja. Kikitoka na unga, iwe kidogo vipi, ujue filta haikai sawa au klipu moja haijashika, na kuna filta za bei rahisi mpira wake wa pembeni ni mgumu haukumbati boksi, vumbi linapita pembeni kama halioni kitu. Filta nzuri na semi itakupa maisha marefu kuliko fulu na filta ya kubahatisha, hili niko tayari kubishana na mtu yeyote.

Maneno ya gereji sasa. Fundi wangu namheshimu, mikono yake imelisha watoto, ila kwenye oili tunagombana. Juzi kachomoa kijiti, kakipangusa kwenye kitambaa, kanionyesha, "dada ona, nyeusi tii, na tumeweka hapa karibuni tu, hii watakuwa wamekuuzia feki." Nikamwambia fundi, ingebaki nyeupe ndo ningeogopa, ile dawa ya kusafisha inatoa masizi kwenye injini inayabeba, lazima iwe nyeusi, oili iliyofanya kazi inachafuka. Akasema basi sawa, ila uso wake haukusema sawa. Rangi haikwambii kitu peke yake. Chukua tone usugue kati ya vidole viwili, ukisikia chenga chenga hapo kuna habari ya mchanga, au ukinusa ina harufu kali ya petroli nayo ni habari nyingine.

Kuna hili la "ukishaweka semi huwezi kuhamia fulu, itavuja." Miaka ya 70 sintetiki zilipoanza kuuzwa kwa watu wa kawaida, Mobil 1 ilitoka 1974, kulikuwa na maneno ya kweli kwamba zile za mwanzo hazikupatana na mipira ya sili. Wakarekebisha zamani sana. Saizi ikivuja baada ya kuhama maana yake sili ilishakufa na tope ndo lilikuwa limeziba, fulu imelisafisha na ugonjwa ukaonekana. Kuchanganya nako watu wanaogopa kama sumu, ukweli oili zenye viwango vya API zinatakiwa ziweze kuchanganyika, kwa hiyo uko katikati ya Ipole na Koga huko, taa ya oili imewaka na duka la kijijini lina semi tu na we una fulu, ongeza uendelee na safari, utakuwa umepunguza ubora kidogo ila injini iliyokosa oili haina ubora wa kupunguza.

Na "injini ya zamani iwekee nzito, weka 20W-50." Kama injini inakula oili kweli na moshi wa bluu unatoka, sawa, kupanda kidogo kutoka 30 kwenda 40 kunasaidia, mi mwenyewe ndo maana niko kwenye 40, gari langu limeshatembea. Ila VVT-i inaendeshwa kwa presha ya oili, oili inapita kwenye valvu ndogo yenye kichujio kidogo kama ukucha, ukitia zege mle ndani utaona gari linakuwa zito asubuhi na linakunywa mafuta. Na kuna injini ambazo oili nzito haitakusaidia, 1ZZ za Toyota za mwanzo mwanzo za miaka ya 2000 ile kula oili yake ni matundu ya pistoni yanayorudisha oili yalikuwa madogo yanaziba, hilo ni la kufungua injini. Hata hivo injini za namna hiyo mi ningeziwekea semi tu, maana kama unaongeza lita kila baada ya muda mfupi, kuongeza fulu ni kuchoma noti kwenye ekzozi.

Wenye magari mapya na haibridi hawana hata haja ya kuuliza, ukifungua boneti kifuniko cha oili kimeandikwa 0W-20, hiyo haitengenezwi kwa oili ya kawaida ikatoka, kwa hiyo nyingi utakazokuta ni fulu, lipia. Na ukitaka kujua gari lako lilikuwa linatunzwaje kabla halijapanda meli, fungua mlango wa dereva au angalia chini ya boneti, mara nyingi kuna stika ya gereji ya Japani imebaki, ina kilometa na tarehe ya kumwaga oili. Mwaka utakuta umeandikwa H25 au H30, hiyo ni kalenda ya mfalme wao, H25 ni 2013, H30 ni 2018. Linganisha hizo kilometa na zilizopo kwenye dashibodi siku unanunua gari, unaweza kucheka au kulia.

Feki. Hapa ndo ubishi wote wa semi na fulu unaweza kufa, maana fulu ndo inafekiwa zaidi, bei yake ndo inalipa. Kuna duka moja nilinunua dumu zuri kabisa, stika imeng'aa, nikafika gereji fundi anazungusha kifuniko kinafunguka bila kukatika ile ringi ya chini. Nikarudisha, muuzaji akaniambia "mama zote ziko hivo." Zote haziko hivo. Ringi lazima ikatike na utasikia, karatasi ya ndani iwe imegandishwa mdomoni, namba ya toleo ichapwe kwenye dumu lenyewe sio kwenye stika peke yake, na bei ikiwa chini sana kuliko kwingine usifurahi. Nunua kwenye vituo vikubwa vya mafuta vyenye oili yao au kwa wakala anayekupa risiti. Na dumu lako tupu, hasa la fulu, usiliache gereji zima zima. Mi natoboa tako kwa bisibisi mbele ya fundi. Mwanzoni alichukia akadhani namwona mwizi, nikamwambia sio wewe fundi, ni huyo anayepita jioni kununua madumu kwako.

Ile chafu nayo, najua watu wa huku wanapaka kwenye nguzo kuzuia mchwa, lakini nawaomba wafugaji nyuki wenzangu, msipake kwenye mizinga wala kwenye waya za kuning'inizia, ina madini ya vyuma vilivyosagika na sumu zinazosababisha kansa, asali inavuta harufu na vingine.

Vijana wa bodaboda huwa wananiuliza kama ile fulu iliyobaki ya gari waweke kwenye pikipiki. Hapana. Klachi ya pikipiki nyingi inaogea kwenye oili hiyo hiyo ya injini, na oili za gari nyepesi zina dawa ya kupunguza msuguano, klachi itaanza kuteleza. Tafuta dumu lenye herufi JASO MA au MA2, kiwango cha Kijapani cha oili ya pikipiki, hata ikiwa ya kawaida itakufaa kuliko fulu ya bosi wako.

Jingine la mwisho ni la kipimo, na linahusu wenye 1NZ wenzangu, Probox, IST, Raum, Spacio, mko wengi. Hiyo injini ukibadilisha na filta inataka lita 3.7. Dumu ni lita 4. Fundi anapindua dumu lote mpaka linakauka kwa sababu kwake kubakiza ni kukunyima haki yako, oili ikizidi kranki inaipiga kama mtu anakoroga uji, inatoka povu, na povu halilainishi kitu. Simama hapo, mwambie aweke tatu na nusu kwanza, washa injini dakika chache, zima, subiri ishuke, pima kwenye sehemu tambarare, alafu ongezea taratibu mpaka karibu na alama ya juu. Kinachobaki funga vizuri weka kwenye buti, ndo ya kuongezea kabla ya zamu ijayo, na umelipia.